Mrejesho: simu za intaneti Bukavu hazikuhamia seva ya pili

Aksanti ndugu kwa majibu. Swali lilikuwa: kwa nini simu za ofisi ya Bukavu hubaki kimya seva ya kwanza ikizimika, ilhali ya pili, ya Goma, iko hai?

Kosa lilikuwa poti 5060 (namba ya mlango wa kuingilia seva) iliyoandikwa baada ya jina la seva kwenye mipangilio ya simu. Poti ikitajwa, simu haitafuti tena rekodi za SRV (orodha ya seva na zamu zake) kwenye DNS, daftari la majina ya mtandao. Inachukua anwani ya jina lile tu, basi. Ukiweka namba ya IP badala ya jina ni vilevile. Sasa limebaki jina la domeni peke yake, na rekodi mbili za SRV: kipaumbele 10 na 20. Namba ndogo hujaribiwa kwanza (wengi hudhani kinyume).

Ila kwa UDP (njia ya kutuma data bila kuhakikisha imefika) seva iliyokufa haisemi kitu, na simu husubiri hadi sekunde 32 ndipo ihame. Ikijibiwa 503 (yaani seva haiwezi kuhudumia kwa sasa), huhama papo hapo.

Taabu kubwa ni pale ofisi inapopigiwa: seva ya pili haijui simu ya ofisi iko wapi mpaka ijisajili upya kwake. Kwa hiyo, ili ijisajili mapema, muda wa usajili umeshushwa kutoka sekunde 3600 hadi 120.