Antena ya bendi ya mita 40 kwenye uwa wa mita 14, nifanyeje?

Mpangaji wa Tabata

Wakuu, habari za jioni. Leseni ya redio ya ridhaa nimeshaipata TCRA (mamlaka ya mawasiliano), redio ya HF (mawimbi mafupi) ya wati 100 nimenunua iliyotumika, kilichonishinda ni antena.

Nimepanga hapa Tabata. Kutoka mwembe wa kona ya nyuma hadi mnara wa tenki la maji mbele, nimepima kwa futi nikapata mita 14, na mstari huo unapita pembeni ya nyumba. Paa ni la mabati. Mwenye nyumba, mzee mmoja muungwana, ameniruhusu kusimamisha mlingoti kwa sharti moja: nisitoboe paa lake.

Nikakata waya vipande viwili vya mita 7, nikafunga mwembeni na mnarani, kebo nikaishusha katikati. Kwenye 7.1 MHz, yaani bendi ya mita 40 (urefu wa wimbi), SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena) iko juu mno, redio yenyewe inajipunguzia nguvu. Nikaweka tyuna (kifaa cha kulinganisha redio na antena), ikakubali, lakini siku ya nne leo naita na hakuna anayeitika. Shida yangu ni kuongea na Nairobi na Mwanza mchana, na jioni nijaribu mbali zaidi kwa bendi ya mita 20. Nihame nyumba?

Fundi Waya

Usihame, mkuu. Kosa ni kukata waya utoshe uwa. Waya wote uwe nusu wimbi, nayo ni 143 gawanya kwa masafa ya MHz: 143 kwa 7.1 ni mita 20 na kidogo. Huo wa mita 14 unapenda MHz 10, ambako huna shughuli. Tyuna hairefushi waya, inaituliza redio tu, na nguvu nyingine inageuka joto kwenye kebo.

Waya si lazima unyooke. Mkondo mkubwa uko katikati, pale unapounga kebo, na huo ndio unaorusha mawimbi. Nchani kuna volti nyingi ila mkondo karibu na sifuri. Kwa hiyo ukikunja mita moja au mbili za mwisho hupotezi cha kukuliza.

Simamisha mlingoti wa mita 9 kando ya nyumba, katikati ya huo mstari wako. Mikono iteremke pande zote mbili kama paa. Ukifunga mita 4 kutoka chini, mkono mmoja unakula mita 8.6 kabla ya kufika mwembeni. Imebaki mita moja na nusu, ielekeze kando ya ukuta kwa kamba. Pembe ya juu isipungue nyuzi 90, kwa vipimo hivyo uko salama.

Na usione aibu na mita 9. Kwa bendi ya mita 40 huo ni ufupi, mawimbi mengi yanapanda wima na kurudi chini ndani ya kilomita mia kadhaa. Kwa Nairobi mchana ndicho unachotaka. Kwa Japani utasubiri sana.

Ncha Moja

Kwa nini umtese na mlingoti? Waya mmoja wa mita 20 unaolishwa nchani. Transfoma ya 49 kwa 1, ringi ya feraiti (kiini cha sumaku) FT240-43, mizunguko 2 kwa 14, basi. Anapata bendi za mita 40, 20, 15 na 10 kwa waya uleule. Anaanzia dirishani, anapanda tenkini, anakunja kwenda mwembeni.

Fundi Waya

Inafanya kazi, sibishi. Ila usipoweka choki (kizuizi cha mkondo unaorudi juu ya kebo), kebo yenyewe inageuka antena hadi chumbani. Mimi spika za sebuleni zilikuwa zinaongea kwa sauti yangu kila nikibonyeza maiki, na wenzangu nyumbani hawakucheka. Hata kwenye dipoli, yaani waya wa mikono miwili, kebo izungushe mara kumi kwenye ringi ya feraiti palepale juu.

Bi Masafa

Kaka, kabla hujapanda popote: nyaya za umeme za barabarani ziko upande gani? Mlingoti ukianguka, uangukie kokote, usizifikie. Ncha za waya zikae juu ya mikono ya watoto, kwa wati 100 zinaunguza kidole. Na mvua za masika zikianza, ukimaliza kuongea chomoa kebo uiache nje ya dirisha.

La pili, huenda watu wanakuitika na wewe ndiye husikii. Endesha redio kwa betri ya gari, zima meinswichi, usikilize. Kwangu kelele zote zilitoka kwenye chaja moja ya simu na taa mbili za LED za jikoni. Nilikuwa nimeshailaumu antena miezi miwili.

Mpangaji wa Tabata

MREJESHO, wiki mbili baadaye.

Nyaya za umeme ziko ng'ambo ya barabara, mbali. Mlingoti ni mabomba ya chuma yaliyounganishwa, umefungwa kamba pande tatu. Nilikata mita 10.3 kila mkono ili nibaki na ziada, kipimo kikaonyesha waya unatulia kwenye MHz 6.88. Nikazidisha 20.6 kwa 6.88, nikagawanya kwa 7.1, nikapata 19.96. Nikapunguza sentimita 32 kila upande. SWR ikashuka hadi 1.3, nikaitazama kama dakika tano hivi.

Mikono ya mita 5 kwa ajili ya bendi ya mita 20 nimeiunga palepale katikati. Ilivuta ile ya 40 kidogo, ikabidi nirudie kupunguza.

Bi Masafa, ulikuwa sahihi. Chaja ya laptopu. Nilipoichomoa kelele zikashuka nikasikia watu ambao nadhani walikuwepo siku zote. Jana saa nne asubuhi nimeongea na Nairobi, ametusikia vizuri mimi na jogoo wa jirani. Mwanza bado.

Swali jingine: mwenye nyumba ameupenda mlingoti, anauliza kama anaweza kufunga dishi lake hapo juu.

Fundi Waya

Mwambie hapana, kwa upole. Kodi unalipa lini?