Usiku wa watunzi weusi hapa Dodoma: tuko watano, tuanze na kazi zipi?

Mwalimu_Ipagala

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wenu, hasa ninyi mnaopiga ala za nyuzi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu sekondari, na jioni nafundisha kwaya ya parokia huku Ipagala. Miaka sita iliyopita mtu mmoja aliyekuwa anahama nchi alituachia fidla mbili, viola na selo. Leo zina wenyewe. Fidla ya kwanza anapiga kijana anayeuza vipuri vya pikipiki Majengo, ya pili nesi, viola binti wa kidato cha tatu, selo mimi. Juzi kati mzee mmoja mstaafu wa bendi kaja na klarineti yake kaifunga kwenye kitambaa, kasema "nami nipeni nafasi". Basi tuko watano.

Mwezi wa kumi tunataka kufanya onyesho la saa moja la kazi za watunzi weusi peke yao. Wazo lilinijia usiku mmoja nasahihisha madaftari huku nikisikiliza kundi la chemba (la wapigaji wachache) la Chineke!, la Uingereza. Chineke! ilianzishwa mwaka 2015 na mpiga besi Chi-chi Nwanoku, ambaye baba yake ni Mnigeria na mama yake Mwairishi. Jina lenyewe ni la Kiigbo, maana yake Mungu Muumba. Walikuwa wanapiga noneti ya Samuel Coleridge-Taylor, ala tisa pamoja na piano. Nikaweka kalamu chini. Kwenda kusoma, nakuta aliitunga akiwa bado mwanafunzi London, hajafikisha miaka 20, na baba yake alikuwa daktari kutoka Sierra Leone. Nina miaka 19 kwenye kwaya. Nimefundisha Handel, nimefundisha Mozart, na jina hilo hakuna aliyewahi kunitajia. Iliniuma sana.

Nilipopeleka wazo kwenye kamati, mjumbe mmoja akasema: "Huo ni muziki wa Wazungu, umetungwa tu na watu weusi. Sisi unatuhusu nini?" Nilikosa jibu, na bado silipati vizuri.

Kwa hiyo: kazi zipi zinawezekana kwa watu wa kiwango chetu? Na kuna jingine, kiangazi hiki vigingi vya viola vinateleza. Binti anakaza, ukifika ukurasa wa pili nyuzi imeshashuka. Naomba kuwasilisha.

FidlaMlandege

Assalaam aleykum Mwalimu. Mimi ni mpiga fidla wa taarab, Unguja, ila kusoma nota nilifundishwa tangu mdogo.

Anza na Joseph Bologne, Chevalier de Saint-Georges. Kazaliwa Guadeloupe mwaka 1745, mama yake mtumwa aitwaye Nanon, baba yake tajiri wa Kifaransa mwenye shamba. Kwartet zake sita za mwanzo (kazi za fidla mbili, viola na selo), zilizochapishwa Paris mwaka 1773, kila moja ina sehemu mbili tu. Kwa kundi changa hiyo ni neema. Ila fidla ya kwanza ndiyo inayotaabika, yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa fidla na akijiandikia. Huyo kijana wa vipuri akeshe nayo.

Halafu mueleze huyo mjumbe wenu haya. Mwaka 1776 Saint-Georges alitakiwa aongoze Opera ya Paris. Waimbaji wa kike wakubwa wakamwandikia malkia kuwa hawawezi kupokea amri za chotara. Kazi akaikosa. Miaka kama kumi baadaye, Haydn alipotunga simfoni sita kwa ajili ya okestra moja ya Paris, aliyesimama mbele kuziongoza ni huyo huyo. Sasa mtu kama huyo tukimwacha kwa kusema muziki wake wa Wazungu, tunakuwa tumewasaidia wale waimbaji.

Coleridge-Taylor ana Fantasiestücke, vipande vitano vya kwartet vya mwaka 1895. Chukueni viwili. Kwintet yake ya klarineti (klarineti na nyuzi nne) ni tamu mno, lakini kwanza muulize mzee klarineti yake ni ya aina gani. Kazi ile imeandikwa kwa klarineti ya A. Za bendi kwa kawaida ni B flati, na akitaka kuipiga kwa hiyo itabidi asome kwenye shapu tano. Msimtese.

Vigingi: ni ukavu. Mbao inasinyaa, kigingi kinalegea tunduni. Sisi huku pwani tuna shida ya kinyume, vinavimba vikagoma kuzunguka. Chukua kisahani cha sabuni chenye vitundu, weka sifongo iliyoloweshwa ikakamuliwa hadi isidondoke, iwe ndani ya sanduku la viola usiku kucha. Na anapokaza, asukume kigingi kuingia ndani huku anazungusha. Usipake gundi hata ukishauriwa na fundi.

Binti_wa_Iringa_Road

Shikamoo Mwalimu. Nasoma chuo hapa Dodoma. Naona wanaume wametajwa, naomba nimtaje Florence Price.

Alizaliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1887. Mwaka 1933 okestra ya Chicago ilipiga simfoni yake ya kwanza, na akawa mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kupigiwa simfoni na okestra kubwa. Ungedhani baada ya hapo milango ilifunguka. Hapana. Mwaka 1943 alimwandikia kiongozi wa okestra ya Boston, Koussevitzky, akianza kwa kusema ana vikwazo viwili, jinsia yake na rangi yake. Alifariki 1953. Mwaka 2009 watu waliokuwa wanakarabati nyumba iliyotelekezwa kijiji cha St. Anne, Illinois, paa limeshatobolewa na mti, wakakuta marundo ya karatasi sehemu iliyobaki kavu. Zilikuwa kazi zake, ile iliwahi kuwa nyumba yake ya kupumzikia. Konseto mbili za fidla, yaani kazi za fidla na okestra, zilikuwemo humo.

Kwa ajili yenu: ana nyimbo tano za asili alizozipanga kwa kwartet, mojawapo ni ya kiroho inayoitwa Calvary, wanakwaya wataielewa haraka. Na mkipata mpiga piano, kwintet yake ya A ndogo ina sehemu inayoitwa Juba. Juba ni ngoma ya watumwa ya kupiga makofi, mapaja na vifua, maana ngoma zenyewe walikuwa wamekatazwa. Ila kwa kazi za Price ulizia kwanza kwa mchapishaji wake, G. Schirmer, usichapishe tu.

Mwalimu_Ipagala

Marahaba binti, nakushukuru. Hiyo ya paa imenikaa. Tulikuwa na kabati la daftari za solfa za mzee aliyefundisha kwaya kabla yangu, nyimbo zake mwenyewe, hazijawahi kuchapwa popote. Nilipolifungua mchwa walikuwa wameshamaliza rafu mbili za chini. Niliokoa nyimbo 11. Nilikuwa nafikiria sana hilo wakati nasoma ulichoandika.

FidlaMlandege, nimemuuliza mzee, ni B flati kweli. Alicheka akasema shapu tano aachiwe mjukuu wake.

Mzeze_Chamwino

Mbukwenyi! Nimesoma yote kimya, sasa niseme.

Mjumbe wenu ana hoja nusu. Mnatafuta watunzi weusi hadi Guadeloupe, na hapa kilomita chache kuna watu wanapiga upinde juu ya nyuzi tangu enzi za mababu. Zeze la Kigogo ni nini kama si ndugu wa fidla? Marehemu Hukwe Zawose alilipeleka zeze na ilimba, ala yetu ya vyuma vya kubonyeza kwa vidole gumba, duniani kote, watu wakakaa kimya kumsikiliza ukumbini kama wanavyomsikiliza huyo Haydn. Wekeni Kigogo kwenye hilo onyesho.

Ila tahadhari moja. Msiitune ilimba ifuate kinanda. Kuna chuma ambacho kwa kinanda kinaonekana kiko chini kidogo, na mtu asiyejua atakiharibu kwa kukirekebisha. Hapo ndipo sauti ya Mgogo ilipo, hata tunapoimba tunaipita hapo hapo. Fidla na selo hazina vituo shingoni, kwa hiyo kidole kinaweza kusogea kikaikuta. Kinanda hakiwezi. Kizimeni.

FidlaMlandege

Umesema kweli mzee wangu. Na Coleridge-Taylor asingekataa. Mwaka 1905 alitoa vipande 24 vya piano juu ya nyimbo za watu weusi, na kadhaa kavichukua kusini mashariki mwa Afrika, si Marekani peke yake.

Mwalimu_Ipagala

Wakuu, mrejesho.

Tumepanga hivi: kwartet moja ya Saint-Georges, vipande viwili vya Coleridge-Taylor, Calvary ya Price tukipata ruhusa, wimbo mmoja kati ya zile 11 nilioupanga kwa klarineti na nyuzi ili mzee apate sauti yake, na mwisho Mzeze_Chamwino mwenyewe.

Alikuja Jumamosi na ilimba yake. Tulizima kinanda kama alivyosema. Binti wa viola, ambaye huandika solfa kwa penseli chini ya kila nota maana kifunguo cha alto, alama ya nota za viola, bado kinamchanganya, alikaa karibu naye bila karatasi. Mzee akabonyeza kile chuma. Binti akaweka kidole, kikawa juu. Akakiteremsha kidogo, bado. Akakiteremsha tena kiasi cha unene wa ukucha, na mara ala zote mbili zikalia kama kitu kimoja, ubao wa viola ukatetema mpaka akatoa kidevu na kuuangalia. Yule mjumbe wa kamati alikuwa mlangoni, alikuja kuchukua funguo za ukumbi. Alikaa mpaka tukamaliza.

Sifongo imefanya kazi, vigingi viwili vimeshika. Nyuzi ya A ya viola imekatika na hiyo ndiyo iliyokuwa ya akiba. Mwenye nayo Dodoma, Morogoro au Dar aniandikie, nauli ya basi nalipa mimi.