Naomba ushauri: nisome uzamili au uzamivu wa saikolojia?

Mtoa mada: Heshima kwenu wanajamvi. Nina shahada ya kwanza ya saikolojia, na kwa miaka miwili nimekuwa msaidizi katika kituo cha ushauri nasaha. Sasa nimefika njia panda. Je, nisome shahada ya uzamili, ambayo aghalabu huchukua miaka miwili, au niombe uzamivu moja kwa moja, kwa kuwa vyuo vingi vya Marekani hupokea hata wahitimu wa shahada ya kwanza? Ninachotaka ni kuketi na watu wenye sonona na wasiwasi na kuwasaidia. Utafiti siuchukii, ila tasnifu yangu ilinichosha mno. Mama angependa niitwe daktari, nami nakiri kwamba jina hilo lingenipendeza.

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu mtoa mada, kabla ya kulinganisha shahada, amua utafanyia kazi nchi gani, kwa sababu sheria ya leseni ndiyo itakayokujibu kuliko sisi. Marekani, kwa kawaida anayetaka kufanya kazi kwa kujitegemea kama mwanasaikolojia lazima awe na uzamivu, lakini mwenye uzamili anaweza kupata leseni ya mshauri nasaha au ya tiba ya ndoa na familia, akishatimiza saa za kazi chini ya msimamizi. Uingereza, mwanasaikolojia tiba husomea uzamivu wa miaka mitatu. Kinyume chake, cheti cha Ulaya kiitwacho EuroPsy hudai masomo ya miaka mitano na mwaka mmoja wa kazi inayosimamiwa, bila uzamivu. Mimi nina uzamili, na kazi unayoieleza ndiyo ninayoifanya kila siku. Ninachokikosa ni baadhi ya vipimo vizito, hasa vya ubongo na kumbukumbu, ambavyo huwapelekea wenzangu wenye uzamivu.

Mchangiaji wa pili: Nakubaliana naye, ila naongeza jambo la fedha, maana wengi hulikumbuka wakiwa wameshasaini. Uzamivu wa utafiti, yaani PhD, mara nyingi huja na msamaha wa ada na posho, nawe hulipa kwa kufundisha au kumfanyia profesa utafiti. Uzamili kwa kawaida mwanafunzi hujilipia mwenyewe. Kwa hiyo njia ndefu inaweza kukuacha na deni dogo kuliko ile fupi, ingawa miaka mitano hadi saba ya posho ndogo nayo ni gharama, hata kama haiandikwi kwenye ankara. Nimeipita njia hiyo. Mwaka wa tatu nilikaa miezi mingi nikisafisha data, wala sikuonana na mteja hata mmoja, na aliyenivusha ni kupenda swali lenyewe. Mwenzangu aliyekuja kwa ajili ya jina aliondoka na uzamili mkononi.

Mchangiaji wa tatu: Msisahau PsyD, yaani uzamivu wa saikolojia unaolenga tiba kuliko utafiti. Mwaka 1949, mkutano wa wanasaikolojia huko Boulder, Colorado, Marekani, uliweka mfumo wa mwanasaikolojia aliye mtafiti na mtabibu kwa pamoja. Mwaka 1973, mkutano wa Vail ukaidhinisha mafunzo yanayoegemea zaidi tiba. PsyD ni ya mkondo huo wa pili. Tahadhari yake ni kwamba ufadhili huwa haba.

Mtoa mada: Nawashukuru sana. Je, nikianza na uzamili, kisha nikaona uzamivu unanifaa, nitakuwa nimepoteza miaka miwili?

Mchangiaji wa kwanza: Si yote. Baadhi ya vyuo huhesabu kozi chache, vingine hukuanzisha upya, kwa hiyo ulizia kwa maandishi kabla ya kulipa. Lakini hakikisha kwamba uzamili unaouchagua una mafunzo kwa vitendo na unatambuliwa na bodi ya leseni, kwani uzamili wa nadharia tupu hukuacha katikati: leseni huna, na utafiti wa kutosha huna. Kuhusu mama, mwambie wateja wako hawatauliza cheo.

Mchangiaji wa pili: Wengine huuliza, usimdanganye mama. Hata hivyo, omba siku mbili tatu za kujitolea katika maabara ya utafiti kabla hujajaza fomu yoyote. Ukijikuta unabaki baada ya saa za kazi bila kuombwa, rudi hapa tuzungumzie uzamivu.

Mtoa mada: Nitaanza na maabara. Barua ya kwanza nimeituma leo asubuhi.