Mhenga ni nani? (gumzo la ukoo, Mtwara)

Zuhura: Shikamooni wazee. Mjomba, picha za harusi ya Masasi nimeziona. Kaunda suti tena! 😂 Mhenga umetisha.

Mjomba Salumu: Marahaba. Mhenga mimi? Nimekufa lini?

Baba Somoe: 😂😂😂

Mjomba Salumu: Msicheke. Sisi shuleni tuliandika "wahenga walinena", yaani waliolala makaburini wakatuachia methali. Mimi jana tu nilikuwa sokoni nagombania bei ya changu.

Zuhura: Siku hizi mjomba mhenga ni yeyote aliyeyaona mambo tusiyoyaona sisi. Hata kaka akisema alikuwa anakwangua vocha, anaitwa mhenga, na ana thelathini na ushei tu.

Mama Zuhura: Basi kipimo chetu watu wa Kusini ni pantoni. Kama ulivuka Rufiji pale Ndundu kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, mhenga wewe, usibishe.

Baba Somoe: Masika ndiyo usiseme. Basi limezama tope hadi kwenye taa, wanaume tunashuka kusukuma, suruali zimekunjwa magotini. Usiku unatukuta hapohapo porini. Wengine tulichoka tukahamia kwenye meli. Leo mtoto anatoka Mtwara alfajiri, jioni yuko Mbagala, na bado ananung'unika basi halina pa kuchajia simu!

Shangazi Fatu: Mimi neno "mhenga" sina ugomvi nalo. Linaloniudhi ni "wa kizamani". Niliambiwa hivyo na mkwe kwa kuwa nilitaka binti aandaliwe na kungwi. Yule hakuwa anatania. Mhenga mtu hujiita mwenyewe akacheka. Wa kizamani hajiiti mtu, anaitwa tu.

Baba Somoe: Na mshamba je?

Shangazi Fatu: Ushamba hauna umri. Wapo wa miaka 18, simu ya bei mbaya, anaongea kwa spika daladala zima tunajua anadaiwa na nani.

Zuhura: Hapo umenena shangazi.

Mjomba Salumu: "Umenena"! Haya, na shangazi naye kashaingizwa kwa wahenga 😂

Somoe: Niko kwa bibi, nimemsomea yote. Anasema kama Salumu ndiye mhenga, yeye aliyemzaa mtamwitaje? Halafu anasema ming'oko imeiva, anayeitaka aje Chikongola kabla ya saa kumi. Hamwekei mtu.