Mrejesho: kupiga picha za watu mitaani Guangzhou

Wakuu, niliuliza kama mgeni mwenye kibali cha kuishi China anaruhusiwa kupiga picha za watu mtaani. Nilitaka ndugu zangu waione Guangzhou ya kila siku, si maghorofa tu. Asanteni mliojibu.

Aliyetaja sheria alisema kweli. Sheria ya Kiraia ya China, iliyoanza kutumika 1 Januari 2021, inalinda sura ya mtu: kumpiga picha au kuisambaza kunahitaji ridhaa yake. Picha ya mahali pa wazi ambapo watu hawakwepeki inaruhusiwa. Kambi za jeshi usizielekezee kamera kabisa.

Basi naomba kwanza. Kule Liwan, wilaya ya hapa Guangzhou, wazee wanacheza karata na chesi ya Kichina chini ya baraza za majengo ya zamani. Naonyesha kamera, natabasamu, wengi wanaitikia. Mwanzoni wanakakamaa kama wako studio ya picha za pasipoti. Subiri, mchezo ukiwateka ndipo upige. Wanaoandika kwa brashi na maji sakafuni bustanini ndio wakarimu kuliko wote. Baadaye nawatumia picha kwa WeChat, na fundi baiskeli mmoja ameiweka yake kwenye wasifu. Nilifurahi mno!

Xiaobei, wanakofika wafanyabiashara wengi wa Kiafrika, ndiko kugumu: wenzetu wengi wanakataa, nami naheshimu, wapo kazini. Kwa sasa napiga mikokoteni na mikono inayofunga mizigo. Mwenye duka huko akikubali, nitakwenda hata kesho.