Roboti anaweza kumsaidia mtoto mwenye usonji?

mamaShani_Ujiji: Habari zenu wapendwa, mwanangu ana miaka 6 ana usonji, haniangalii usoni, hata nikilia mbele yake yeye anaendelea tu kupanga vizibo vya soda mstari mrefu mpaka mlangoni. Nimeona video ya roboti wa Uingereza anaitwa Kaspar anacheza na watoto kama wangu. Hivi mashine inajua kweli kama mtu ana huzuni??

wa_Mwanga: Pole sana dada. Kaspar yupo kweli, wamemtengeneza Chuo Kikuu cha Hertfordshire, sura wameifanya rahisi isiyobadilika sana makusudi maana uso wa mtu unabadilika badilika unamchanganya mtoto. Akifinywa kwa nguvu anasema inauma, basi mtoto anajifunza kugusa taratibu. Ila haumii, ni vihisio tu, yaani vifaa vya kutambua mguso.

Kasulu_fundi: Na kuhusu mashine kujua huzuni, kuna kamera za kusoma hisia, zinapima nyusi na midomo halafu zinakisia. Zinakisia! Mtu msibani anapokea wageni anatabasamu na moyo umechanika, kamera itaandika furaha. 2019 mwanasaikolojia Lisa Feldman Barrett na wenzake walipitia tafiti nyingi wakaona uso peke yake hautoshi kujua mtu anahisi nini.

mamaShani_Ujiji: Asanteni jamani. Jana alinishika mkono akaniwekea kizibo kimoja kiganjani, cha bluu, akaondoka

bibi_wa_Gungu: Mwanangu hapo ameongea na wewe huyo!! Kesho kaa naye chini, kipange kwenye mstari wake.