Mjadala: Kwa nini 1857 tu? Paika wa Odisha walishaingia vitani 1817

Wanajamvi, ukisikia vita vya kwanza vya uhuru vya India, moja kwa moja unatajiwa 1857, askari walipowageukia maofisa wao wa Kiingereza kule Meerut. Watu wa Odisha, jimbo la mashariki mwa India, wanasema heshima hiyo ni ya Paika, waliosimama miaka 40 kabla. Mwaka 2021 serikali ya India ililiambia bunge kuwa uasi ule hauwezi kuitwa vita vya kwanza vya uhuru. Mimi nasimama na Odisha.

Tazameni kilichowasukuma. Paika walikuwa wakulima na askari wa mfalme wa Khurda: amani wanalima, vita wanashika upanga, na ardhi yao haikulipiwa kodi. Kampuni ya Waingereza ya East India, ya biashara lakini yenye jeshi lake, ilipoitwaa Odisha 1803, haikuchukua muda ikawanyang'anya ardhi hiyo. Chumvi ikapanda bei. Lililowamaliza kabisa ni kodi kutakiwa kwa rupia za madini ya fedha, wakati sokoni watu waliuziana kwa kauri. Fikiria mama ana kapu zima la kauri ndani, jasho la mpunga wake, na karani hazipokei!

Machi 1817 Wakandha wapatao 400, watu wa kabila la milimani, wakateremka kutoka Ghumusar, wakaungana na Paika chini ya Bakshi Jagabandhu, aliyekuwa mkuu wa jeshi la mfalme wa Khurda. Mjini Banpur wakachoma kituo cha polisi, wakachukua hazina, kisha wakashika njia ya Khurda.

— Mkuu, kuumia waliumia, sikatai. Ila Jagabandhu alikuwa amepokonywa milki yake ya Rodanga. Alipigania chake, na vita havikuvuka Odisha. Halafu kama tunatafuta wa kwanza, uasi wa Vellore, kusini mwa India, 1806 tunauweka wapi? Kule askari waliwaua maofisa wao na kupandisha bendera ya ukoo wa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore aliyeuawa akipigana na Waingereza.

— Vellore ilizimwa ndani ya siku moja, mkuu. Jagabandhu alijisalimisha 1825, miaka minane baadaye. Na hilo la kupigania chake, mbona Rani Lakshmibai, malkia aliyepigana katika vita vya 1857, naye alipigania milki yake ya Jhansi aliyopokonywa, na leo hakuna anayemnyima jina la mpigania uhuru? Tena wale Wakandha 400 hawakuwa na hata kipande cha shamba Rodanga. Nijibu hapo: walishuka milimani kwa ajili ya nani?